Donda ndugu: Maana ya neno na asili yake

DONDA ndugu ni kidonda kikubwa kinachokaa muda mrefu bila kupona, huku kikila nyama na kupanuka. Magazetini na katika hotuba za viongozi, neno hili limezoeleka zaidi kama sitiari: ufisadi, ukabila na wizi wa mifugo vyote huitwa donda ndugu. Aghalabu msomaji husahau kwamba chimbuko lake ni mwili wa mgonjwa.

Msingi wa neno ni kidonda, nomino ya ngeli ya KI-VI. Kiambishi ki- kinapodondoshwa, nomino huingia katika hali ya ukubwa, jinsi kikapu kinavyokuwa kapu na kidole kuwa dole. Donda, basi, ni kidonda kilichopita kiasi, na wingi wake ni madonda. Kutoka hapo pia limepatikana dondakoo, jina la maradhi ya koo ambayo watoto huchanjwa kuyazuia.

Mzizi wenyewe ni wa Kibantu. Wakikuyu husema kĩronda, Wachewa wa Malawi chironda, Washona wa Zimbabwe ronda, nao Wazulu isilonda. Jeraha, kwa upande wake, limetoka Kiarabu pamoja na majeruhi. Jeraha huletwa na kitu cha nje kama kisu, risasi au ajali, ilhali kidonda chaweza kuzuka ndani ya mwili wenyewe, mfano vidonda vya tumbo.

Na ndugu je? Ndugu hakanwi wala hafukuzwi. Sifa hiyo yaoana na kidonda kinachomganda mtu hadi kikawa kama jamaa wa nyumbani. Wapo wanaoandika donda sugu. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, na kwa hivyo ni jambo lisilosikia dawa. Maana zinakaribiana, lakini hiyo ni ibara nyingine, wala si tahajia ya pili ya donda ndugu.

Kitabibu, donda la namna hii si ugonjwa mmoja. Kwa mwenye kisukari, mishipa ya fahamu ya miguu hufa ganzi na mishipa ya damu huziba. Mgonjwa hukanyaga msumari asihisi, na kwa kuwa damu haifiki vyema, nyama huanza kuoza. Lipo pia donda la Buruli, lililopewa jina la eneo la Buruli nchini Uganda ambako wagonjwa wengi walipatikana katika miaka ya 1960. Husababishwa na bakteria inayotoa sumu ya kuua nyama, na mara nyingi huanza kama uvimbe usiouma.

Hatari ya neno hili ni kwamba limekuja kumaanisha kisichopona. Anayeambiwa ana donda ndugu huweza kukata tamaa, akalifunika kwa kitambaa na kukaa nyumbani hadi mguu ukahitaji kukatwa. Hali sivyo ilivyo. Donda la Buruli hutibiwa kwa dawa za viuavijasumu kwa wiki 8. La kisukari huhitaji kusafishwa, kuondolewa nyama iliyokufa, kupumzishwa mguu na kudhibitiwa sukari mwilini.

Kidonda kisichoonyesha dalili ya kufunga baada ya wiki 2 chafaa kuonwa na daktari. Mwenye kisukari asingoje hata siku hizo.