Mabwawa ya Upemba: maji, watu na mipaka ya karatasi

Ukitazama karta ya Katanga ya zamani, ile iliyokuwa ikitundikwa ukutani shuleni, utaona kati ya Bukama na Ankoro madoa ya buluu yaliyofuatana kando ya Lualaba. Ndiyo maziwa yetu: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo ambayo karta haina hata nafasi ya kuandika majina yao. Siku moja nilimwonyesha baba mkubwa wangu, mvuvi wa Kikondja, karta ya namna hiyo. Aliigeuza huku na huku, kiisha akauliza: « Huyu muntu mwenye aliandika hii karta, alifikaka kwetu mwezi gani? »

Nilicheka. Lakini nilipokaa na kufikiri niliona kwamba mzee alikuwa ameuliza swali ambalo waalimu wangu wote hawakuliuliza.

Vitabu vinasema ziwa Upemba lina kilomita mraba karibu 530, na Kisale karibu 300. Vinasema pia kwamba bonde zima, ambalo wataalamu wanaliita bonde la Upemba au la Kamalondo, lina maziwa kama 50 hivi, na 22 kati yao ni makubwa kidogo. Si uongo. Lakini ni hesabu ya siku ile mpimaji alipopita. Lualaba inashuka kwa nguvu kutoka nyanda za juu za Kolwezi, inapasua mawe kule Nzilo, kiisha inaingia katika nchi ya chini iliyo tambarare kama meza, milima ya Kibara ikiwa upande wa mashariki. Hapo maji yanapoteza haraka yake. Lufira inayaongeza kutoka upande wa Likasi na Kundelungu, Lovoi kutoka magharibi. Mvua ikiwa imenyesha tangu Oktoba, kufikia mwezi wa tatu na wa nne mto unapanda juu ya kingo, maziwa yanashikana, na mahali ulipopita kwa miguu unapita kwa mtumbwi. Kiangazi kikikolea, maji yanarudi, yanaacha majani mabichi, matope, na vishimo vilivyojaa kambale. Kwa hiyo mtu akiuliza mabwawa yetu yana ukubwa gani, jibu la kweli linaanza na jina la mwezi.

Wazee walijua jambo hilo kabla ya karta yoyote. Ushahidi uko chini ya nyumba za watu pale Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale wakakuta makaburi mengi yenye vyungu vizuri ajabu. Pierre de Maret alirudi katika miaka ya 1970, akachimba Sanga tena na mahali pengine bondeni kama Katongo, Kamilamba na Malemba-Nkulu. Walichokiona ni watu waliokaa mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, tangu karne ya 7 au ya 8 hadi wakati wa ufalme wa Baluba tunaousikia katika hadithi. Sehemu nyingi za Afrika ya kati hazina mfuatano mrefu namna hiyo wa makaburi uliochimbwa na kupewa tarehe. Na ni watu wa bwawa: katika vitu vyao kuna ndoana na vyusa vya kuchomea samaki. Kuna pia shaba. Kwanza vikuku na mapambo. Baadaye vile visalaba vya shaba ambavyo vilikuja kuwa makuta, vikubwa kwanza, kiisha vidogo na vyenye kipimo kimoja.

Sasa fikiri kidogo. Bondeni hakuna shaba. Shaba inatoka kusini, kule ambako leo ni Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Mtu wa Sanga alipata wapi ya kuinunua? Mimi naamini, na wanahistoria wengi wanasema vilevile, kwamba alilipa kwa samaki wa moshi. Samaki aliyekaushwa vizuri anasafiri siku nyingi bila kuoza, na watu wa pori kavu wanamhitaji. Bwawa ambalo mgeni analiona kuwa ni mahali pa mbu na homa, kwa wazee ndilo lililokuwa banki.

Na banki hiyo ilikuwa na kazi nyingi. Kusafisha mifereji kati ya mafunjo ili mitumbwi ipite si kazi ya mtu mmoja. Kuinua tuta la udongo ili maji yasimeze kijiji si kazi ya familia moja. Ndiyo sababu wengine wameona kwamba ufalme wa Baluba ulizaliwa, kwa sehemu, katika kazi hizo za pamoja: lazima awepo mkubwa wa kusema nani atachimba wapi na nani atavua lini. Pengine wanazidisha kidogo, maana ufalme haukutengenezwa na matope peke yake. Kulikuwa na chuma, chumvi, ndoa na vita. Lakini ni kweli kwamba maji yalikuwa na wenyewe. Baba mkubwa alinieleza kwamba zamani, maji yalipokuwa yanapanda na samaki wanatawanyika kutaga kwenye majani, hakuna aliyefunga njia zao kwa uzio mpaka mwenye mahali alipotoa ruhusa. Bavidye, roho za wakubwa wa zamani, wanakaa katika maji na chemchemi. Aliyevunja mwiko hakuogopa gendarme, aliwaogopa hao. Mtu anaweza kuamini au kutoamini. Samaki walipata nafasi ya kuzaa.

Kuna jambo jingine ambalo bwawa lilifanya: lilificha watu. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika kwa mfalme Kasongo Kalombo mwaka 1874, aliona kwenye ziwa dogo la Mohrya nyumba zilizojengwa juu ya nguzo ndani ya maji. Kisale hakuruhusiwa kulifikia, lakini aliambiwa kwamba kule watu wanakaa juu ya visiwa vinavyoelea. Visiwa hivyo tunavifahamu vizuri. Mizizi ya mafunjo inashikana mpaka inakuwa kama mkeka mnene. Kipande kikikatika kinaelea. Mvuvi anaongeza juu yake mafunjo mengine, tabaka juu ya tabaka, anatia udongo, anajenga kibanda, anakifunga kwa miti mirefu iliyochomekwa chini. Mafunjo ya chini yanaoza, anaongeza mengine juu. Ule ulikuwa wakati wa watumwa na bunduki, Baluba wenyewe kwa wenyewe wakipigania kiti, na Bayeke wa Msiri wakiwa na nguvu upande wa Lufira. Mwenye kisiwa kinachoelea alilala.

Bula Matari alipokuja alitaka kitu kimoja katika bwawa: njia. Reli kutoka Elisabethville ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka Bukama masuwa yalianza kushuka Lualaba na mizigo. Shida ilikuwa Kisale. Mafunjo yalifunga mto, wakakata. Yalifunga tena, wakakata tena. Mfereji wa masuwa ukawa mstari wa kwanza wa kudumu kuchorwa katika nchi ambayo haikuwa na mistari ya kudumu. Mwaka 1928 reli ya BCK ilipofika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, shaba ilipata njia nyingine ya kutokea na mto ukapoteza sehemu ya maana yake kwa wakubwa. Kwa wavuvi ulikuwa umekwisha kufungua soko. Wafanyakazi wa migodi walihitaji kula, na samaki wakavu walipanda treni pale Bukama. Kumbe ni biashara ileile ya Sanga, samaki kwenda kwenye shaba. Lakini sasa mnunuzi hakungoja msimu.

Mstari wa pili ulichorwa mwaka 1939, ilipoanzishwa mbuga ya taifa ya Upemba. Mipaka yake ilibadilishwa baadaye, lakini sehemu ya mabwawa ilibaki ndani, na ndani walikuwamo wavuvi. Tangu hapo kuna ugomvi usiokwisha: mlinzi anasema huyu ni mwizi wa mali ya Leta, mvuvi anasema babu yangu amezikwa hapa. Mimi sipendi kuwapa wavuvi haki yote. Kuna swala wa mabwawani ambaye wataalamu walimpa jina lake mwaka 2005, Kobus anselli, na hajulikani kuishi mahali pengine duniani isipokuwa bondeni kwetu. Mwaka 2023 ndege iliyopita kuhesabu iliwaona wachache sana. Nyama yake tuliila sisi. Hakuna Mbeleji wa kulaumu kwa hiyo.

Mstari wa tatu hauko bondeni. Uko juu, kwenye mabaraji. Mwadingusha kwenye Lufira mwaka 1930, Nzilo kwenye Lualaba mwaka 1952, na Nseke mwaka 1956, yote kwa ajili ya umeme wa migodi. Hapa lazima niseme jambo ambalo linasahauliwa: baraji halikauishi tu, linazaa pia. Maji ya Mwadingusha yalifunika uwanda wa Lufira na kufanya ziwa Tshangalele, zaidi ya kilomita mraba 400 likijaa, na leo sehemu kubwa yake ni bwawa lenye ndege na wavuvi wake. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya mabwawa yenye thamani kwa dunia nzima. Bwawa lililotengenezwa na turbini! Lakini watafiti wa Lubumbashi waliopima samaki wa Tshangalele walikuta ndani yao madini ya viwanda vya Likasi. Maji hayo yanaendelea kushuka. Kolwezi nako kuna mito inayobeba uchafu wa migodi mpaka Lualaba. Mafunjo yanachuja mengi, ndiyo kazi yao, lakini kinachochujwa hakipotei. Kinakaa katika matope ambamo kambale anakula.

Mwishoni mwa 2005, jeshi lilipoanza operesheni dhidi ya Mai-Mai upande wa Mitwaba, watu kwa maelfu walikimbia vijiji vilivyochomwa wakashuka mpaka kwenye ziwa Upemba. Wengine walikaa kandokando. Wengine walipanda juu ya visiwa vya mafunjo, pamoja na watoto na mbuzi, kama vile Cameron alivyoambiwa miaka 130 kabla. Tofauti ni kwamba wageni hao walikuwa wengi mno, na kisiwa hakina choo. Kipindupindu kimezoea njia ya mto wetu: Bukama, Kikondja, Malemba-Nkulu, Mulongo, majina haya yanarudi katika ripoti za afya karibu kila mwaka. Maji ya kunywa, ya kuoga na ya kutupa uchafu ni yaleyale.

Wengi waliokimbia hawakurudi, wakawa wavuvi. Siwalaumu. Lakini mtu aliyetoka milimani hajui mwenye maji ni nani, na hana nyavu. Anachukua moustiquaire aliyopewa hospitali, anaivuta mahali pasipo kina, na inatoka na samaki wadogo kama kucha. Wenyeji waliona, wakafanya vilevile. Wakubwa wa maji ambao kazi yao ilikuwa kukataza, nimeona mwenyewe mmoja akipokea franka na kugeuza uso. Basi bwawa kwa macho bado ni lilelile: ukipanda kilima mwezi wa nne unaona maji mpaka upeo, mafunjo, ndege. Ukubwa haujapungua sana. Kilichopungua ni muda ambao linaachwa lipumzike.

Kwa miaka sasa kuna mpango wa baraji lingine kwenye Lufira, pale Sombwe, kati ya mbuga za Upemba na Kundelungu, juu ya Kisale. Umeleta mabishano makali. Wengine wanasema migodi inahitaji umeme, na ni kweli, hata sisi mjini tunakaa gizani. Wengine wanasema wanyama watakatiwa njia. Katika mabishano hayo sijasikia wakisema sana juu ya mafuriko: kama mlango wa baraji utafuata mahitaji ya migodi, maji yatapanda lini kule chini, na samaki atataga wapi?

Baba mkubwa alikufa kabla sijamwuliza. Mtumbwi wake ulibaki kwa mtoto wake, ambaye anavua Kisale na kuuza Bukama, siku za treni ikipita. Nilimpigia simu nilipokuwa naandika kurasa hizi, nikamwuliza watu wa Kikondja wanasema nini juu ya Sombwe. Alinyamaza kidogo, nikafikiri reseau imekatika. Kiisha akaniuliza: « Sombwe, njo wapi? »