Farasi kwa Ufundi

Kwa Kiswahili chetu fedha ni pesa na fedha ni madini. Wazuni wa New Mexico, huko Marekani, walivipata vyote viwili ndani ya kitu kimoja: sarafu. Waliyeyusha dola wakafua bangili.

Wa kwanza wao alikuwa Lanyade. Mnamo mwaka 1872, sonara wa Kinavajo, Atsidi Chon, alifika kijijini kwao, naye Lanyade akamlipa farasi mzuri ili amfundishe. Farasi, jamani! Mimi ninayezunguka na mswada wangu nikitafuta wa kunisomea bure, niliona haya.

Lakini Wazuni hawakuwa mikono mitupu. Feruzi, lile jiwe la buluu yenye ukijani, walikuwa wakilitoboa kwa keekee na kulitunga shanga karne nyingi kabla Wahispania hawajawafikia mwaka 1540. Jiwe walilijua, walikosa kufua fedha tu. Walipoanza kuvichanganya, mnamo 1890, taratibu wakaiacha njia ya mwalimu. Mnavajo hupenda fedha nzito na jiwe kubwa katikati. Mzuni huifanya fedha iwe kitanda tu cha mawe. Kuna bangili zina vipande vingi vya feruzi, vyembamba kama sindano, kila kimoja na kitanda chake. Kipande hugandishwa kwenye kijiti, husagwa, hutazamwa, husagwa tena. Kikipasuka, basi, anza upya. Mara nyingi mume na mke hugawana kazi, mmoja mawe, mwingine lehemu.

Lanyade naye hakuukalia ujuzi. Mnamo 1898 alimfundisha Sikyatala, Mhopi wa kwanza kufua fedha.

Sasa wapo wasiotoa hata kuku. Vito vinatengenezwa Ufilipino, vinauzwa madukani Marekani eti ni kazi ya wenyeji wa asili. Sheria ya mwaka 1990 inakataza, na mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa Albuquerque alihukumiwa kifungo cha miezi 6. Bei ya bandia ikishuka, aliyesaga jiwe kwa mkono wake atamuuzia nani?

Ndiyo maana siku hizi mafundi wengi wa Kizuni huchora majina yao nyuma ya kazi. Wazee wa mwanzo hawakuchora kitu, kwa hiyo bangili zao nyingi hazijulikani ni za nani. Mimi jina langu tayari liko juu ya mswada. Sura zenyewe ni tatu tu.