Sandarusi na Msasa: Mng'aro Uliovuka Bahari

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hii yafaa kukumbukwa mbele ya kiti kikuukuu kilichokwaruzwa, katika sebule yoyote ya Mji Mkongwe wa Unguja. Fundi aitwaye kukitengeneza huja na kopo la vanishi na karatasi ya msasa, vyote vikiwa vimenunuliwa dukani. Mwenye nyumba huvidhani vitu vya kigeni. Historia, hata hivyo, yaonyesha kwamba vyote viwili vina nasaba ya pwani hii.

Msasa, kabla ya kuwa karatasi, ni mti wa jamii ya mikuyu. Majani yake yana ukali kama ulimi wa ng'ombe, na maseremala waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi yenye mchanga ilipowasili kutoka ng'ambo haikuhitaji jina jipya. Ilirithi jina la jani. Mgeni alipewa jina la mwenyeji.

Habari ya sandarusi ilikwenda kinyume chake: mwenyeji alisafirishwa, jina likabaki. Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi, uotao katika mwambao wa Afrika ya Mashariki na Bukini. Ile iliyo bora haikugemwa mtini, bali ilichimbwa ardhini, mahali palipokuwa na misitu zama zilizopita. Wazaramo na jirani zao wa Mrima waliifukua katika udongo mwekundu, na ilipooshwa uso wake ulidhihirisha vipele vidogo vidogo, mfano wa ngozi ya bata bukini. Mara nyingine ndani yake alionekana mdudu au jani, limehifadhika kama lililoanguka jana. Ile mbichi, isiyokomaa, iliitwa chakazi. Wafanyabiashara wa Kizungu walilipotoa neno hilo hata likafanana na jina la punda dume katika lugha yao, na kwa jina hilo la dharau ikauzwa.

Katika karne ya 19 soko kuu la bidhaa hii lilikuwa Unguja. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 ubalozi mdogo wa nchi hiyo ukafunguliwa kisiwani. Majahazi ya Salem, mji mdogo wa Massachusetts, yalileta vitambaa vya pamba na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Vitambaa hivyo vikaitwa marekani, na jina hilo lingali hai. Mchimbaji wa Mrima alivaa jina la nchi ya mbali, na watu wa nchi hiyo wakapaka jasho lake juu ya meza zao na magari yao ya farasi.

Sifa ya sandarusi ilikuwa ugumu wake. Watengenezaji wa vanishi waliiyeyusha kwa moto mkali, wakaichanganya na mafuta ya mbegu za kitani, kisha wakaizimua kwa tapentaini. Ilipokauka juu ya ubao ilifanya utando mgumu, angavu, wenye kuonyesha mishipa ya mti. Lakini ugumu huo ulikuwa na masharti yake. Utando ukisha kukauka haulainiki tena kwa tapentaini. Tabaka jipya likipakwa juu ya ule mng'aro wa zamani halishiki vyema. Kwa hiyo mwenye kuondoa mkwaruzo hana budi kuusugua kwanza utando unaouzunguka. Ikiwa mkwaruzo umepenya hadi kwenye ubao, hurudisha rangi ya mti. Ndipo apakapo vanishi, kidogo kidogo, akisugua baina ya tabaka na tabaka. Hapo ndipo sandarusi na msasa hukutana: kimoja chang'arisha, na kingine huandaa njia ya mng'aro.

Mafundi wa pwani hawakukosa maarifa yao. Chombo cha baharini kilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini yake deheni ya chokaa na shahamu. Viti na saa za Kimarekani pia viliingia katika nyumba za matajiri wa Unguja; na huenda baadhi ya sandarusi ilirudi nyumbani kwa njia hiyo, ikiwa juu ya mgongo wa kiti, wala hapana aliyeitambua.

Katika karne ya 20 viwanda viligundua utomvu wa kubuniwa, na biashara ya sandarusi ikafifia. Leo wengi hulikuta neno hilo kamusini tu. Msasa umebahatika zaidi, kwani umehamia hata kwenye lugha: shairi lililosahihishwa vina na mizani husemwa kuwa limepigwa msasa. Wapenzi wa tungo watumiao usemi huo kila siku wanashika, pasipo kujua, jani la seremala wa kale. Sandarusi nayo yastahili kukumbukwa, angalau kwa jina lake la haki, kabla neno halijafukiwa kama ulivyofukiwa utomvu wenyewe.