Bukini: Kisiwa Kilichojiandikia Lugha Yake

Wazee wa Unguja hawakusema Madagaska. Walisema Bukini, na wenyeji wa huko waliwaita Wabuki. Neno hilo halijafa. Mjini Unguja mpaka leo huchezwa ngoma ya kibuki, na masheitani wanaopanda vichwani katika ngoma hiyo husemekana ni wa ukoo wa wafalme wa Bukini. Kule Mafia, kwenye magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, masimulizi ya wenyeji yanawakumbuka watu wa Bukini kwa jambo jingine: Wasakalava waliovuka bahari kwa mitumbwi mwanzoni mwa karne ya 19, wakauvunja mji na kuondoka na watu kwenda kuwafanya watumwa.

Basi pwani yetu imemjua jirani huyu kwa pepo na kwa vita. Watalii wanamjua kwa komba na mibuyu yake. Kinachonivuta mimi ni lugha, maana kisiwani humo habari ya lugha na habari ya serikali zimesokotwa kamba moja, na kamba hiyo haijafunguka hata leo.

Mlango wa Msumbiji, pale unapobanwa zaidi, una upana wa kilomita 400 hivi. Mtu angetarajia Wamalagasi waseme lugha ya Kibantu kama majirani zao wa bara na wa Komoro. Sivyo. Wakihesabu, mbili ni roa, nne ni efatra, tano ni dimy, sita ni enina. Mmalay atasema dua, empat, lima, enam. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, Mnorwe aliyefanya kazi ya umisionari kisiwani humo, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa Kimalagasi ni Kimaanyan, lugha ya watu wa bonde la mto Barito, kusini mwa kisiwa cha Borneo. Kati ya ndugu hao wawili kuna bahari ya zaidi ya kilomita 7,000. Mababu wa Wamalagasi waliivuka zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wataalamu wengi wanaamini kwamba matengo ya ngalawa zetu ni urithi wa mabaharia hao hao.

Lakini ingia katika boma la mkulima wa Kimalagasi. Ng'ombe wake wa nundu anaitwa omby. Kondoo ni ondry, kuku ni akoho, mbwa amboa, na kanga wa porini ni akanga. Wali unaopikwa ndani ya nyumba, ambao kwa kawaida huliwa asubuhi, mchana na jioni, unaitwa vary, jina lililokuja na watu wa Asia. Hapo ndipo unaposikia jinsi taifa hili lilivyoundwa: wenye mpunga walitoka mawioni, wenye mifugo walivuka kutoka kwetu, wakaoana. Kaskazini-magharibi ya kisiwa kulikuwa na bandari za Waislamu wa mwambao kama Mahilaka, na Wamalagasi wakawaita wafanyabiashara wa huko Antalaotra, yaani watu wa bahari.

Uislamu na biashara hiyo viliacha alama hata mahali ambapo dini yenyewe haikushika. Alhamisi ni alakamisy. Nyota za falaki wanazotazamia mambo ni zile zile za wanajimu wetu: Hamali kwao ni Alahamady, Saratani ni Asorotany. Tena kusini-mashariki, miongoni mwa Waantemoro, palikuwa na watu waliojua kuandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, kwa wino, juu ya karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Maandishi hayo yanaitwa sorabe, na mwandishi wake anaitwa katibo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa neno hilo limetoka wapi.

Ni hao makatibu waliofungua mlango wa siasa. Andrianampoinimerina, mfalme wa nyanda za juu za Imerina, aliwaunganisha Wamerina waliokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, akaimarisha mifereji ya mashamba ya mpunga, akataka mwanawe afahamu kwamba mpaka wa shamba lao ni bahari. Aliwaita makatibu wa Kiantemoro barazani kwake Antananarivo, na mwanawe huyo, Radama, alijifunza kwao kuandika. Alipokalia kiti mwaka 1810 alikuwa kijana mwenye shauku ya mambo mapya. Mfaransa mmoja, askari mtoro aliyeitwa Robin, alimfundisha herufi za Kizungu. Mwaka 1820 akafika David Jones, mmisionari kutoka Wales, akafungua shule mjini Antananarivo.

Likazuka suala ambalo laweza kuonekana dogo: Kimalagasi kiandikwe kwa tahajia ya nani? Waingereza walikuwa na yao, na Robin alifuata ya Kifaransa. Machi 1823 Radama alikata shauri mwenyewe. Konsonanti zifuate Kiingereza, irabu zifuate Kifaransa, na kila herufi iwe na kazi yake moja. Alfabeti ya Kimalagasi ina herufi 21 tu. Hazimo c, q, u, w wala x. Sauti ya u huandikwa kwa herufi o. Rudi sasa kwenye boma la yule mkulima: omby isome umbi, akoho isome akuhu, na ng'ombe na kuku wetu wanasikika waziwazi.

Nadhani hatujaipa amri hiyo uzito wake. Kiswahili sanifu cha herufi za Kilatini, kwa lahaja ya Kiunguja, kiliamuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, chini ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Karne moja kabla yake, ng'ambo ya Mlango wa Msumbiji, mfalme wa Kiafrika aliketi na wageni wa pande mbili waliokuwa wakishindana, akawasikiliza, akachukua nusu ya hawa na nusu ya wale, akatoa amri kwa lugha yake. Alifanya hivyo kwa sababu alitaka jeshi linalosoma barua na watoza kodi wanaoweka daftari.

Biblia nzima kwa Kimalagasi ilikamilika kuchapwa mwaka 1835. Mwaka huo huo Malkia Ranavalona I, mjane wa Radama, alipiga marufuku Ukristo, na waumini wengi waliuawa katika utawala wake. Hata hivyo maandishi ya serikali hakuyagusa. Barua za majimboni ziliendelea kuja na kujibiwa, kwa kuwa serikali yake ilikwisha kuwa serikali ya karatasi. Baada yake, Waziri Mkuu Rainilaiarivony alishika madaraka kwa miaka 31, akawaoa malkia watatu waliofuatana, na mwaka 1881 akatangaza sheria zenye vifungu 305, zilizoandikwa kwa Kimalagasi. Miongoni mwake ni amri ya watoto kwenda shule.

Haya yote hayakuwazuia Wafaransa. Septemba 1895 waliingia Antananarivo, na mwaka uliofuata bunge lao likatangaza kisiwa kuwa koloni. Mtawala wao, Jenerali Gallieni, alimwondoa Malkia Ranavalona III mwaka 1897 na kumpeleka Réunion, kisha malkia akahamishiwa Algiers, alikofia mwaka 1917. Mifupa yake ilirudishwa nyumbani mwaka 1938. Shuleni na ofisini Kifaransa kikakaa juu, na lugha iliyokuwa imeandika sheria za nchi ikawa lugha ya nyumbani na kanisani.

Uhuru ulipatikana tarehe 26 Juni 1960, lakini Kifaransa kilibaki pale pale. Mei 1972 wanafunzi wa Antananarivo waliandamana, wakitaka pamoja na mengine elimu itolewe kwa Kimalagasi. Serikali ya Rais Philibert Tsiranana ikaanguka. Ungedhani kazi imekwisha. Kabla mwaka haujamalizika, Desemba, ghasia zikazuka Toamasina, bandari kubwa ya mashariki, na safari hii waandamanaji walikuwa wakiipinga lugha ya taifa. Kimalagasi cha vitabuni kilikuwa kile cha Imerina, na watu wa pwani walisikia ndani yake sauti ya ufalme uliowahi kuwatawala mababu zao kwa nguvu. Kwa wengi wao Kifaransa, ambacho kilikuwa kigeni kwa kila mtu, kilikuwa na haki zaidi. Amri ya Radama ilikuwa imeleta tahajia moja, haikuwa imewafanya watu wote waione lugha kuwa yao.

Mpango wa kufundisha kwa Kimalagasi uliendelea miaka ya 1970 na 1980, vitabu vikiwa haba. Wenye uwezo waliwapeleka watoto wao shule za Kifaransa, na watoto wa maskini wakafika chuo kikuu na kukuta Kifaransa kikiwasubiri mlangoni. Nalitaja hili kwa uchungu, maana mzazi yeyote wa Tanzania aliyemwona mwanawe akitoka darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza anaujua mlango huo. Miaka ya 1990 Kifaransa kilirudi madarasani. Mwaka 2007 katiba iliongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya tatu. Katiba ya 2010 ikakiondoa, ikabakiza Kimalagasi na Kifaransa.

Mahali ambapo Kimalagasi hakina mshindani ni kwenye kabary, hotuba ya jadi ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021. Siku ya posa kila upande huwa na msemaji wake. Msemaji haanzi na haja yake. Kwanza huomba radhi kwa kuthubutu kusimama mbele ya wakubwa, huwasalimu mmoja baada ya mwingine, hupanga methali, na upande wa pili hujibu kwa methali. Ni baada ya hapo tu inapotajwa mahari, ambayo siku hizi aghalabu ni fedha ndani ya bahasha. Jina lake ni vodiondry: vody ni kitako, ondry ni yule kondoo aliyevuka kutoka kwetu.