Mpira wa Mitaa: Asili ya Ligi ya Unguja

Wamishionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walioshuka Unguja mwaka 1864, na baadaye wakaweka chuo chao Kiungani, kusini ya mji, kwa ajili ya vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, walikuja na vitabu vyao vya dini na vya sarufi, lakini walikuja pia na itikadi ya shule za Kiingereza za zama zile, kwamba kijana asiyechoshwa na mchezo jioni hafai kuaminiwa usiku. Na kwa sababu hiyo mpira wa miguu ukawa sehemu ya malezi ya pale. Ilipofika mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden, na vijana wa Kiingereza wa Eastern Telegraph Company waliokuja kuuhudumia, ambao jioni za Unguja zilikuwa ndefu kwao, wakawa nao wanacheza. Wapendao nasaba fupi husema basi kwamba Wazungu ndio waliotuletea ligi. Mpira waliuleta, ligi ni kadhia nyingine.

Kuijua kadhia hiyo yataka tuvuke ile hori ya bahari iliyokuwa ikiutenga mji wa mawe na sehemu iliyobaki ya kisiwa, twende Ng'ambo. Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1897, Ng'ambo ilizidi kujaa watu waliotoka mashamba ya mikarafuu, mabaharia, wachukuzi wa bandarini, na watu wa makabila ya bara, ambao aghalabu hawakuwa na ukoo mkubwa wa kujinasibu nao mjini, na kwa hiyo wakajinasibu na mtaa. Kabla ya mpira walikuwa na ngoma zao, hasa beni, na vyama vyake vya mahasimu vyenye viongozi waliopeana vyeo vya kijeshi, sare zao na mfuko wao, vikishindana kwa tarumbeta na kwa karamu mpaka watu wakaingia madeni. Kwa hiyo vijana wa mitaa hiyohiyo, walipoanza kuunda timu na kuzipambanisha katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya kwanza, hawakuhitaji kufundishwa maana ya chama, ada, kiongozi wala hasimu. Kalibu ilikuwa tayari, wakaumimina mpira ndani yake. Nionavyo mimi, hapo ndipo ilipo asili ya ligi, wala si katika vikombe vya fedha vilivyotolewa na wakubwa wa himaya ya Kiingereza, ambao waliuona mchezo kuwa njia nzuri ya kuwashughulisha watu baada ya kazi.

Uwanja ulikuwa Mnazi Mmoja, baina ya mji wa mawe na Ng'ambo, mahali ambapo Wazungu walikuwa na gofu yao na Wahindi na Wagoa kriketi, na ambapo tangu mwaka 1925 kuba la jumba la makumbusho la Beit el Amani huonekana pembeni. Mechi ilikaa baina ya sala mbili: ianze watu wamekwisha kusali alasiri, imalizike kabla ya adhana ya magharibi, na katika nchi ambayo jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima refa hakuwa na wasaa wa kuchelewa. Wengi walicheza miguu mitupu mbele ya Wazungu waliovaa daluga. Lakini kijana aliyekulia kwenye chandimu, yaani soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara, ikazungushiwa kamba mpaka ikawa na umbo la kukaribia duara, alikuwa amekwisha kujifunza kwa nyayo zake kwamba mpira usiodunda hauendi kwa mabavu, bali kwa kubembelezwa.

Klabu nazo hazikuwa za mpira peke yake. Malindi, Kikwajuni, Miembeni na Mlandege, majina ambayo kila Muunguja anayajua, ni majina ya mitaa kabla ya kuwa ya timu. Mwanachama alitoa ada yake, akapata baraza la kukaa jioni, akioa akachangiwa, akifiwa akazikiwa; na fauka ya hayo, watu ambao hawakupiga kura ya serikali mpaka mwaka 1957 walikuwa wamekwisha kuzoea kumchagua katibu wao, kumhoji mtunza fedha na kuandika barua ya malalamiko. Abeid Amani Karume, baharia, alikuwa mtu wa African Sports Club kabla ya kukiongoza chama cha Afro-Shirazi, na mimi sioni ajabu yoyote. Juu ya waganga waliopelekewa majina ya magolikipa sitasema mengi. Kila mtaa unawajua wa kwake.

Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni na kuanza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, lilipokelewa na Unguja mwaka 1949, na hapo mahasimu wa mitaa wakalazimika kuvaa jezi moja. Zama za siasa zikaja, zikagawanya maduka, misiba na hata maskani. Mapinduzi ya 1964 yakafuata, na mwaka 1970 uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa. Kombe lile la Gossage, likiwa limekwisha kubadilishwa jina likaitwa la CECAFA, Zanzibar ililitwaa mwaka 1995 huko Uganda. Ukitaka kujua ni mtaa gani uliotoa wachezaji bora wa kikosi kile, nenda ukaulize kwenye baraza la Jaws Corner, katika mji wa mawe, baada ya alasiri, lakini uwe na wasaa.