Vitenzi vya maneno mawili katika Kiingereza
Ni miungano ya kitenzi cha kawaida na neno dogo kama *up*, *out*, *off* au *in*, ambayo kwa pamoja hubeba maana moja. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alieleza kwamba miungano hii huwatatiza sana wageni, na walimu wengi huifundisha kama orodha ya kukariri tu. Kuiona kama orodha tu ni hukumu kali mno, kwani neno dogo lina kazi yake. *Eat* ni kula, *eat up* ni kula mpaka sahani ibaki tupu. *Use* ni kutumia, *use up* ni kutumia mpaka kitu kiishe. Hapo *up* haionyeshi juu, bali ukamilifu.

Wapo wanaopinga kwa kutaja *give up*, yaani kukata tamaa, wakisema haina juu wala ukamilifu. Lakini maana yake ya zamani ni kusalimisha, kama ngome inavyokabidhiwa adui, na kuacha jambo kumetokana na huko. Sarufi nayo ni shahidi kwamba neno dogo lina kazi yake. Mwingereza husema *look it up*, "litafute kamusini", kiwakilishi kikikaa katikati. Hasemi *look up it*. Kwa *look at it* mambo ni kinyume, maana *at* ni kihusishi kinachofungamana na kiwakilishi kinachokifuata. Kigumu kweli ni miungano ya maneno matatu kama *put up with*, "kuvumilia", ambayo sehemu zake hazitoshi kuieleza. Hiyo mwanafunzi hana budi kuikariri.