Magazeti ya Dar es Salaam na Uhuru wa Habari

Magazeti ya raia jijini Dar es Salaam ni yale yaliyochapishwa kwa Kiswahili kwa ajili ya umma, nayo yalitanguliwa na *Mambo Leo*, jarida la serikali ya kikoloni lililoanzishwa mwaka 1923, ambalo, kwa kuwa mhariri wake alikuwa ndiye mtawala, halikuwa na haja ya kumwogopa hakimu. Sivyo ilivyokuwa kwa Erica Fiah, aliyeasisi *Kwetu* mwaka 1937, wala kwa *Mwafrika*, gazeti lililozuka mwaka 1957 katika joto la siasa za chama cha kupigania uhuru, TANU, na ambalo wahariri wake walihukumiwa kifungo mwaka uliofuata kwa hatia ya uchochezi. Mwaka huo huo wa 1958 kiongozi wa chama hicho, Julius Nyerere, naye alishtakiwa kwa kashfa kutokana na makala ya *Sauti ya TANU*, akalipa faini asifungwe.

Ajabu ni kwamba dola huru, iliyozaliwa kwa msaada wa kalamu hizo, ilitunga Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri idhini ya kulifungia gazeti lolote. Na ijapokuwa mageuzi ya 1992 yalifungua mlango kwa magazeti binafsi, *MwanaHalisi* lilifungiwa mwaka 2012. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilishika nafasi ya ile ya awali, hata Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ikaamua mwaka 2019 kuwa baadhi ya vifungu vyake vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa, *MwanaHalisi* likiwamo, yalirejeshewa leseni.